Siku 33

Jumamosi, 7 Desemba 2024

Mvua ya vuli haikutupa nafasi leo. Maji ya mtaroni yamepanda hadi kizingitini, nikapanga viroba viwili vya mchanga mlangoni nikaendelea kukanyaga cherehani. Skuli zinafunguliwa mwezi ujao na mezani nina mashati meupe 38 yasiyo na kola. Kila mwaka najiapiza kwamba ikishapita tarehe mosi Desemba sipokei tena kazi ya sare. Kisha anaingia mama mtu na watoto watatu wamemshika buibui, na kiapo kinaishia hapo.

Baada ya Adhuhuri Baba akaja na kikapu cha ukili. Ndani mna koti lake la kijivu na kopo la biskuti. "Lipunguze mabega," akasema, "limenikimbia." Koti halikukimbia popote, yeye ndiye aliyepungua. Nikatoa futikamba: bega inchi 17 na nusu. Nilipomshonea kwa harusi ya dada ilikuwa 19. Nikaandika tarakimu kwenye karatasi, nikanyamaza.

Ndani ya kopo mna medali yake ya Vita vya Kagera. Utepe umepauka hata huwezi kusema ulikuwa rangi gani, na ukingo mmoja umeliwa na mende. "Na huu uutengeneze. Nnataka kwenda Pemba, Januari."

Sikumuuliza la kuuliza. Kilele cha Mapinduzi safari hii kinafanyika Gombani, Chake Chake, si Amaan. Nikajua anafuata gwaride.

Alipofika mlangoni akasimama kungojea mvua ipungue. "Leo tarehe saba," akasema. "Semuliki." Ikanibidi nifikiri. Jioni ya 7 Desemba 2017 waasi wa ADF waliivamia kambi ya walinda amani wa Tanzania kule Semuliki, Kivu Kaskazini, Kongo, na mapambano yakachukua saa nyingi za usiku. Hesabu ya kwanza ilikuwa askari wetu 14, ikaja kufika 15. Miongoni mwao walikuwamo vijana wa huku visiwani, wakavushwa bahari kuja kuzikwa kwao. Baba anaijua tarehe kama anavyojua siku ya kupokea pencheni ya jirani, maana yake mwenyewe hana.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Nimefungua nusu mlango, sare hazijui sikukuu. Tanganyika imetimiza miaka 63, na barzani kwa muuza kahawa mzaha ni ule ule wa kila mwaka: mmoja anasema "hongereni nyie wa bara," na yule fundi redio wa Morogoro aliyeoa hapa Mlandege anajibu "ahsanteni wakwe." Watu wanacheka, kahawa inamiminwa.

Nimekumbuka 9 Desemba ya mwaka ule wa Semuliki. Sherehe zilikuwa Dodoma, uwanja wa Jamhuri, na Rais Magufuli akatangaza msamaha. Babu Seya na mwanawe Papii Kocha wakatoka gerezani. Mtaa mzima hapa ulilipuka, nyimbo zao zikapigwa kila duka la simu. Ilikuwa siku ya pili tu tangu Semuliki. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: mimi pia nilipiga vigelegele. Baba alikuwa amekaa pale pale kwenye kiti cha wateja, akaniangalia, akainuka, akaenda kuswali Alasiri kabla ya wakati wake.

Jumanne, 10 Desemba

Leo ndiyo siku isiyokuwa na jina. Hakuna bendera, hakuna hotuba, duka limefunguliwa milango yote miwili. Usiku wa kuamkia tarehe kama ya leo mwaka 1963, bendera ya Mwingereza iliteremshwa hapa, Prince Philip akiwepo kwa niaba ya Malkia, ikapanda bendera nyekundu yenye duara la kijani na karafuu mbili katikati. Sultani Jamshid bin Abdullah juu, Waziri Mkuu Mohammed Shamte chini yake, na wiki haijatimia Zanzibar imeshapata kiti Umoja wa Mataifa. Baada ya siku 33, yote yakawa hayapo.

Wazee wawili wa barzani hawajawahi kukubaliana juu ya siku hii na hawatakubaliana. Mmoja anasema uhuru ni uhuru, Mwingereza aliondoka, basi. Mwengine anamuuliza, uhuru gani ambao chama cha ASP kimepata asilimia 54 ya kura za Julai 1963 kikaambulia viti 13 kati ya 31? Yule wa kwanza anasema hesabu za majimbo si dhambi yake. Kisha wanakunywa kahawa katika buli moja. Nikiulizwa mimi, nitasema wa pili ana hoja nzito zaidi, lakini siku ambayo watu waliamka hawana Mwingereza juu yao haifai kupita kama Jumanne ya kukata vitambaa.

Baba alikuwa na miaka saba. Skuli walipewa vijibendera vya karatasi kwenye vijiti. Cha kwake alikichomeka kwenye ukuta wa udongo juu ya kitanda. Bibi alikuwa ASP damudamu, hakukipenda, lakini alimwachia mtoto. Wiki ile ya Mapinduzi, watu wakipita wakigonga mlango kwa mlango, Bibi akakichomoa kile kijibendera akakitia jikoni chini ya chungu. Baba anasema alilia. Hakumlilia Sultani, alililia kijiti chake, maana alikuwa amekichonga mwenyewe upya.

Halafu leo akaongeza neno ambalo sikuwahi kulisikia kwake. "Unajua ule uhuru haukuwa na jeshi? Polisi tu." Kweli. Usiku wa Mapinduzi waliovamia walikwenda kwenye maghala ya silaha za polisi, Ziwani na Mtoni, na kulipokucha mambo yalikuwa yameshageuka. Jeshi lenyewe, JWTZ, halikuzaliwa hadi 1 Septemba 1964, Muungano umeshatimiza miezi minne, na kule bara wale askari walioasi Januari wameshavunjwa. Baba aliingia mwaka 1975. Anapenda kusema yeye na jeshi ni ndugu, jeshi ndilo dogo.

Jumapili, 15 Desemba

Mama amekwenda hitmani Kikwajuni, Baba akaja kula kwetu. Mwanangu wa darasa la sita akamuuliza, Babu, ulipigana na Idi Amin mwenyewe? Baba akaacha kijiko.

Hadithi zake za vita nazijua zote na hakuna hata moja ya ushujaa. Zote ni za baridi, njaa na viatu. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, Novemba Mwalimu Nyerere akasema uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo, na Baba na wenzake wakapandishwa meli hapa bandarini. Dar es Salaam, treni ya reli ya kati siku mbili na zaidi hadi Mwanza, meli tena ziwani, Bukoba. Mtoto wa Ng'ambo aliyezowea jua la Unguja akaamka asubuhi ya kwanza meno yanagongana. Akavaa mashati mawili, soksi akazitia mikononi.

Kisha ndizi. Ndizi za kupika asubuhi, ndizi za kupika jioni. Anasema ilifika wakati anaota wali wa nazi, na katika ndoto mtu anamnyang'anya sahani. Mwanangu alicheka hadi akapaliwa.

Kyaka anaieleza kwa mikono: daraja la chuma limepigwa baruti, limelala mtoni, na wao wanavuka kwa daraja la muda linalotikisika. Mutukula. Masaka. Hapo anatumia vidole kwenye kitambaa cha meza, mkono wa kulia unatembea. Aghlabu walitembea. Magari yalibeba risasi na unga, watu walibeba miguu yao. Kulikuwa na yale makombora ya mfululizo ambayo Waganda waliyaita saba saba, anasema yakianza kulia hata ng'ombe wanalala chini.

Lukaya hakuificha. Machi 1979, barabara ya kwenda Kampala imepita katikati ya kinamasi, Walibya wa Gaddafi wameletwa kumsaidia Amin, na usiku wa kwanza baadhi ya watu wetu walikimbia. "Na wewe, Babu?" Baba akafikiri. "Mimi nilirudi nyuma kwa mpango," akasema, na macho yanacheka. Kesho yake wakageuza kibao. Aprili 11 Kampala ikawa mikononi mwao. Njiani watu waliwapa pombe ya ndizi, yeye akaomba soda, akapewa Fanta ya moto kama chai, akainywa yote kwa kuwa aliyempa alikuwa bibi kizee na amesimama anamtazama. Wakaendelea kutembea hadi Arua, karibu na Kongo.

"Nimeivuka Uganda nzima kwa miguu," akamwambia mtoto, "na leo kutoka hapa hadi Darajani napumzika mara mbili."

Jumatatu, 23 Desemba

Leo nimeshika ule utepe. Niliuogopa wiki mbili. Kitambaa kimekuwa kama ngozi ya kitunguu, ukikivuta kinajibu. Nikakiweka juu ya kipande cha shashi nyeupe, nikapiga pasi ya vuguvugu bila mvuke, kisha nikapita kwa sindano ya mkono namba 10, mshono mdogo kabisa, uzi mmoja. Pale palipoliwa sikuziba, nilizungusha tu uzi ukingoni usiendelee kufumuka. Ningeweza kununua utepe mpya wa rangi ya kukisia, lakini medali ingekuwa imevaa nguo ya mtu mwengine.

Nyuma ya medali kuna kitu kigumu kimeganda, nikadhani kutu. Nilipokuna kwa ukucha ikatoka harufu. Mafuta ya cherehani. Maana yake kopo hili lilikaa miaka ndani ya droo ya cherehani hii hii. Nikacheka peke yangu. Baba alipoacha jeshi 1987 alipewa kiinua mgongo, akanunua Butterfly ya Kichina, hii ninayoikanyaga. Hakujua kushona. Alimweka fundi, fundi akanifundisha mimi. Kwa hivyo kila shati la skuli linalotoka hapa, vita vimelilipia sindano.

Jumanne, 31 Desemba

Jana Jamshid amefariki Oman, akiwa na umri wa miaka 95. Simu zimejaa habari hiyo. Aliondoka hapa kwa meli asubuhi ya Mapinduzi, akaishi Uingereza, Portsmouth, zaidi ya nusu karne, akaruhusiwa kuhamia Oman mwaka 2020. Barzani kimya cha ajabu. Hata yule mzee wa ASP alisema "innalillahi" na hakuongeza kitu.

Baba aliuliza swali moja: "Hakurudi hata mara moja?" Nikamwambia hakurudi. Akasema, "Basi amekufa anakumbuka mji ambao sisi hatuujui." Akaniuliza koti limefika wapi.

Ijumaa, 3 Januari 2025

Kombe la Mapinduzi limeanza leo, na Mlandege nzima imenuna. Timu yetu imelichukua mwaka 2023 kwa kuwafunga Singida Big Stars, ikalichukua tena 2024 kwa kumfunga Simba, bao moja bila. Mwaka huu wameita timu za taifa badala ya klabu, na michezo yote Pemba. Kijana wa duka la feni anaapa wameogopa tusichukue mara ya tatu. Nimeandika hili kwa sababu leo mtaani hapakuzungumzwa kitu chengine.

Alhamisi, 9 Januari

Baba anasafiri kesho. Tiketi ya boti imepatikana kwa tabu, kila mtu anakwenda Pemba na nauli yake mkononi. Alikuwa ameambiwa na mtu wa ofisi moja kwamba wazee wa vita wataandikiwa mwaliko. Barua haikuja. Nikamwambia, Baba, bila kadi utakaa juani na umri huu. Akanitazama kama nimesema Kichina.

"Nani amekwambia nakwenda gwarideni?"

Akavua kofia ya viua akaiweka magotini. Hapo ndipo aliponieleza, na naandika kama alivyosema.

Alikuwa na mwenzake, mtu wa Wete, waliingia jeshi siku moja. Walilala hema moja kutoka Bukoba. Yule hakufa Lukaya, hakufa Kampala. Alikufa Mei, vita vimeshakaribia kwisha, karibu na Masaka. Alikuwa amekaa juu ya magunia ya unga, dereva akasinzia, lori likapinduka. Amezikwa kwenye makaburi ya askari Kaboya, kule Kagera, pamoja na wengine. Barua ya jeshi iliyofika Wete ilisema amefariki akiwa kazini, haikuzidisha neno.

Mwaka 1980 Baba alipopata likizo akaenda Wete kutoa pole. Mama wa marehemu akamuuliza mbele ya watu: amekufa vipi mwanangu? Na Baba, kijana wa miaka 24, akasema: Lukaya, risasi moja, hakuteseka. Yule mama akalishika hilo. Akalisimulia misibani, harusini, kila aliposikia jina la Amin redioni. Amelisimulia hadi amekufa.

"Sasa amebaki dada yake," Baba akasema. "Nnataka nimwambie lilikuwa gunia la unga."

Nikamuuliza, na medali? Akasema ya kuvaa. Mtu haendi kukiri uongo na kanzu ya nyumbani.

Jumapili, 12 Januari

Gwaride kwenye televisheni, mimi, Mama na watoto. Siku zote Baba ndiye mtangazaji wetu. Haangalii nyuso wala magari, anaangalia miguu. "Yule wa tatu amechelewa." "Valantia mwaka huu wamefundishwa." "KMKM mikono juu mno, bahari imewazidi." Leo wamepita wote, JWTZ, Polisi, KMKM, JKU, Mafunzo, Valantia, Zimamoto, na hakuna wa kuwapa alama. Mwanangu akajaribu. "Yule wa tatu amechelewa," akasema, na kweli alikuwa amechelewa.

Nilikuwa nikiangalia majukwaani labda koti la kijivu litatokea. Nikapiga simu. Sauti za kuku nyuma yake. "Niko Wete, nnakula," akasema, "usipige mtu akiwa anakula."

Jumanne, 14 Januari

Jana usiku mtaa uliusamehe uongozi wa mpira: Zanzibar imeifunga Burkina Faso mbili kwa moja, kombe limebaki nyumbani. Vijana walipiga madebe hadi saa saba.

Baba ameshuka boti ya leo. Nilimpokea bandarini, pakacha la mastafeli mkono mmoja, koti mkono mwengine, limekunjwa ndani nje kama nilivyomfundisha. Hakusema kitu hadi tulipofika dukani. Akaketi kwenye kiti cha wateja, akaomba mkasi mdogo, akaanza kukata nyuzi zilizobaki kwenye mashati. Hufanya hivyo akiwa na maneno.

Alimkuta yule dada amekaa jamvini anachambua karafuu, kikonyo huku, karafuu huku. Akamwambia yote, lori, unga, usingizi wa dereva. Yule dada hakuacha kuchambua. Baba alipomaliza, dada akamwambia: "Kaka yangu, sisi tulijua. Dereva alikuja hapa kabla yako. Alikaa hapo ulipokaa, akalia, akatuomba radhi, Mama akamsamehe. Halafu ukaja wewe na risasi yako. Mama akasema mwacheni, mtoto wa watu ametoka mbali."

Mashati mawili yalipita mikononi mwake.

"Miaka 44," akasema. "Na yule mama yao akalisimulia vile vile, kwa maneno yangu, hadi ile hakuteseka."

Nikamuuliza kama alimwachia medali. Alijaribu, yule dada akamrudishia: nifanyie nini mie chuma hiki, nina karafuu za kuanika. Utepe umefumuka tena upande ule ule, mshono wangu haukustahimili upepo wa bahari. Nikauweka chini ya taa.

"Yule dereva alikuwa mtu wa wapi?" nikamuuliza.

"Makunduchi. Nilikuwa simsalimii. Tulikuwa tukikutana sokoni Darajani, miaka ya themanini, nageuza uso." Akakata uzi mwengine. "Sijui kama yuhai. Koti usilitundike mbali, Ijumaa utanipeleka."

Nikamwambia Ijumaa nina mashati 11 ya kutia vifungo. Akavuta kopo la vifungo kwake, akaomba miwani.